Fahamu: Nuru kongwe inavyotumika kusaka aksioni

Aksioni ni nini?
Ni chembe ya kinadharia, nyepesi mno kuliko elektroni, ambayo hakuna aliyewahi kuinasa. Wazo lake lilitokana na kazi ya wanafizikia Roberto Peccei na Helen Quinn ya mwaka 1977. Ikiwa ipo, huenda ndiyo inayounda maada ya giza, ambayo ni takriban mara tano ya maada ya kawaida.

Nuru hiyo kongwe ni ipi?
Ni mnururisho uliotapakaa anga lote, ulioachiliwa takriban miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu. Umesafiri zaidi ya miaka bilioni 13, na leo unatufikia kama mawimbi ya maikrowevu. Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa wakiwa Marekani, na ugunduzi ukatangazwa mwaka 1965.

Vinahusianaje?
Sehemu ya mawimbi haya hutikisika kuelekea upande maalumu. Kinadharia, chembe za jamaa ya aksioni zinaweza kuugeuza upande huo. Mgeuko ni mdogo mno, ndiyo maana inahitajika nuru iliyosafiri mbali kuliko nyingine zote.

Kimepatikana nini?
Mwaka 2020, Yuto Minami na Eiichiro Komatsu walichambua data za setilaiti ya Planck, iliyopima nuru hiyo, wakaona dalili ya mgeuko wa nyuzi 0.35. Uhakika ulikuwa asilimia 99.2, chini ya kiwango ambacho wanafizikia hudai kabla ya kutangaza ugunduzi. Vumbi la galaksi yetu nalo linaweza kupotosha vipimo. Kwa hiyo dalili ipo, lakini aksioni bado haijapatikana.