Je, Wajua? Mwiba wa Mgunga na Wito wa Kemokini

Ukichomwa na mwiba wa mgunga kando ya Ziwa Nakuru, kesho yake kidole kimevimba, kina joto na kinauma. Je, wajua kinachosababisha hayo? Seli zilizojeruhiwa hutoa protini ndogo ziitwazo kemokini. Hizi hunata kwenye kuta za mishipa ya damu. Chembe nyeupe zinazopita, hasa neutrofili, huzitambua, hupunguza mwendo, hujipenyeza nje ya mshipa na kufuata upande ambako kemokini ni nyingi zaidi, hadi penye mwiba. Usaha unaouona baadaye kwa sehemu kubwa ni neutrofili zilizokufa kazini.

Hata ukiwa mzima kemokini hazilali: huelekeza limfositi kwenye matezi na kuzuia seli changa zisitoroke kwenye uboho.

Na hili linatugusa zaidi. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara, Wakenya wakiwemo, hawana kipokezi cha Duffy kwenye chembe nyekundu za damu. Kilitangazwa mwaka 1950 kwa jina la mgonjwa wa London. Mwaka 1993 ndipo ilipothibitishwa kuwa hushika kemokini. Kukikosa huipa malaria ya vivaksi kazi ngumu sana kuingia ndani ya chembe hizo nyekundu, tena hupunguza neutrofili zinazohesabika katika damu bila kudhoofisha kinga. Basi majibu ya maabara yakionyesha neutrofili chache nawe hujisikii mgonjwa, usijitie hofu: muulize daktari kama hiyo ndiyo hali yako ya kawaida.