Muhuri wa Manabii

Sogeeni, wajukuu zangu. Jua la Kibirizi limepungua makali na dagaa wameshaanuliwa. Mliniuliza: kama maana ya aya ya Kurani imeeleweka, kuna haja gani ya kung'ang'ania neno lenyewe? Haja ipo, tena kubwa. Sikilizeni habari za mtu wa jirani hapa, Ujiji.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Ninyi mnalijua jina lake kwa uwanja wa mpira wa Arusha. Wakubwa wanamkumbuka alipokuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria. Lakini alikuwa pia mshairi. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954, na humo hana mchezo: vina vilingane, mizani itimie. Hata hivyo mshairi ana pa kutokea. Neno likigoma kuingia, huling'oa akatia jingine.

Mfasiri wa Kurani hana ruhusa hiyo. Kaluta alilijua hilo, maana alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Sheikh Mubarak Ahmad, mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya, kuandaa tafsiri ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1953. Tafsiri ile ilizusha ubishi mkali kati ya masheikh, na moja ya mizizi ya ubishi wenyewe ni neno moja tu: khatam. Mtume Muhammad ameitwa khatam wa manabii.

Khatam ni muhuri. Haya, muhuri hufanya kazi gani? Zamani barua ilifungwa kwa lakiri, ikakandamizwa muhuri. Basi, imekwisha, haongezi mtu neno. Ndivyo wasomavyo Waislamu walio wengi: baada yake hakuna nabii. Ila muhuri huthibitisha pia. Baba akivuka ziwa kwenda Burundi na karatasi isiyogongwa muhuri, hafiki mbali. Waahmadiyya wameshika maana hii, wakaamini kuwa nabii aliye mfuasi wa Muhammad anaweza kuja chini ya muhuri wake. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar aliwapinga waziwazi, na tafsiri yake kamili, Qurani Takatifu, ikatoka Nairobi mwaka 1969.

Mimi nimelelewa katika maana ile ya kwanza, na ndiyo ninayoiamini kwa moyo wangu wote. Lakini fikirini: mmoja angeandika "wa mwisho", mwingine akaandika "anayethibitisha", na Kiarabu kikatupwa, ninyi mngejuaje kwamba hapo pana swali? Sheikh Mubarak na Sheikh al-Farsy, wote wawili walikiweka Kiarabu kando ya Kiswahili, na kwa hilo nawashukuru wote. Someni pande zote mbili, polepole, kidole kikifuata mstari. Mkikuta maneno yamewekwa ndani ya mabano, hapo anayesema ni mfasiri. Mwulizeni mwalimu wenu wa madrasa, mfasiri ameyatoa wapi.