Mawingu Mawili Yasiyoleta Mvua

Muhula uliopita klabu yetu ilikuwa na mdahalo. Mada ilisema kwamba Kiswahili hakitoshi kuelezea sayansi. Mimi nilikuwa upande wa upinzani. Nilipokuwa nimepamba moto, mwenzangu mmoja wa darasani akainuka akasema, "Haya basi, tuelezee galaksi kwa Kiswahili." Lo! Ulimi ukanikwama. Watu wakacheka, kura zikapigwa, tukashindwa. Leo nalilipa deni hilo.

Galaksi ni kundi kubwa mno la nyota, gesi na vumbi, vyote vikishikwa pamoja na nguvu za mvutano. Jua letu ni nyota moja tu katika galaksi yetu, ambayo huonekana kama mkanda mweupe unaokata anga usiku usio na mbalamwezi. Lakini galaksi yetu ina majirani, na sisi wa Londiani tunaweza kuwaona kwa macho matupu, bila darubini.

Jaribu usiku wa Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Disemba, mnamo saa nne, ikiwa hakuna mwezi wala mawingu. Simama mahali penye giza, uelekee kusini. Mkono wako wa kushoto itafute Suheli, nyota inayong'aa kuliko zote upande huo, ambayo mabaharia wa pwani waliitumia kuijua kusini. Kulia kwake, chini kidogo, kuna doa jeupe karibu upana wa ngumi ukinyoosha mkono. Endelea kulia utaona jingine dogo, upana wa vidole vitatu hivi.

Mara ya kwanza nilidhani ni mawingu ya kawaida. Lakini wapi! Mawingu husukumwa na upepo, na haya yalikuwa yakizunguka pamoja na nyota. Usiku uliofuata yalikuwa palepale. Yanaitwa Mawingu ya Magellan, kwa jina la baharia Mreno ambaye msafara wake uliondoka Hispania mwaka 1519, ingawa watu wa kusini mwa dunia walikuwa wakiyaona tangu zamani. Moja ni Wingu Kubwa na la pili ni Wingu Dogo. Zote mbili ni galaksi.

Sasa geuka uelekee kaskazini. Magharibi kidogo kuna doa hafifu zaidi. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, ambayo mtaalamu Mwajemi Al-Sufi aliitaja kama wingu dogo katika kitabu chake cha mwaka 964. Watu wa Ulaya hawayaoni Mawingu ya Magellan wakiwa kwao kwa sababu mviringo wa dunia unawazibia. Wale walio kusini kabisa nao huiona Andromeda kwa shida. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tumepewa pande zote mbili.

Je, majirani hawa wako mbali kiasi gani? Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka kwenye jua hutufikia kwa dakika 8 na ushei. Kutoka Wingu Kubwa huchukua miaka 160,000 hivi, Wingu Dogo miaka 200,000, na Andromeda miaka milioni 2 na nusu. Kwa hivyo hatuyaoni yalivyo leo. Tunaona historia.

Huenda ukauliza, mbona wataalamu wajisumbue na ya jirani na ya kwetu hawajayamaliza? Mtu aliye katikati ya shamba la mahindi hajui umbo la shamba hilo, lakini la ng'ambo ya bonde analiona lote. Tena fikiria taa za usiku. Koroboi iliyo mkononi mwako inaweza kuishinda taa ya stima iliyo mbali, kwa hivyo macho hudanganyika. Bali taa za mlima wa ng'ambo zote ziko umbali unaokaribiana, na inayong'aa zaidi ndiyo yenye nguvu kweli. Henrietta Leavitt, mwanamke Mmarekani, aliitumia njia hiyo. Mwaka 1912 alieleza kuhusu nyota 25 za Wingu Dogo ambazo hufifia na kung'aa kwa zamu. Aligundua kwamba zenye nguvu zaidi huchukua muda mrefu zaidi. Hivyo ukihesabu siku, unajua nguvu ya nyota, na ukijua nguvu unapata umbali. Mwaka 1923 Edwin Hubble alipata nyota ya aina hiyo katika Andromeda, na ndivyo ilivyothibitika kwamba Andromeda iko nje kabisa ya galaksi yetu.

Rangi za nyota nazo husimulia. Nyota kubwa za buluu ni kama malori yanayopanda Mau Summit: matangi ni makubwa, lakini mafuta huisha upesi. Zinaishi miaka milioni chache tu. Nyota ndogo nyekundu ni kama pikipiki, zinakwenda na kidogo kwa mabilioni ya miaka. Kwa hivyo penye nyota za buluu, huko uzazi ungali unaendelea. Katika Wingu Kubwa kuna vishada vya nyota vyenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 10, na vingine vichanga kabisa. Mwezi Februari 1987 nyota moja kubwa ya huko ilionekana ikilipuka, na watu waliiona kwa macho matupu. Kumbe ilikuwa imekwisha kufa kabla ya kuwako mji wowote duniani!

Sasa nifike kwenye ile mada ya mdahalo. Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa hasa kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, miale ambayo angahewa huizuia isitufikie. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba chanzo kimoja cha miale katika Wingu Dogo hutoweka na kurudi kila baada ya siku 3.9 hivi, kwa kuwa ni nyota mbili zinazozungukana, na moja humficha mwenzake.

Basi neno letu la Kiswahili lilikwisha kufika angani, likachunguza galaksi jirani, kabla mimi sijashindwa mdahalo!

Mwenzangu, deni nimelipa. Kama hujaridhika, Disemba njoo tusimame pamoja nikuonyeshe kwa kidole. Ila uje na sweta, maana baridi ya Londiani haina mzaha.