Mionzi na Dripu kwa Pamoja: Tuyajue Maudhi Yake, Mgonjwa Asikatishe Tiba

Kwa wanawake wa Tanzania, saratani inayoongoza ni ya mlango wa kizazi. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, upasuaji peke yake hautoshi. Hao hupewa mionzi pamoja na dawa ya dripu, kwa kawaida sisiplatini. Kwa mama wa Gongo la Mboto, maana yake ni kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki tano, na dripu mara moja kila wiki. Kisha huja mionzi ya ndani.

Dawa huzidhoofisha chembe za saratani ili mionzi iziue kwa urahisi. Tangu 1999 imejulikana kwamba tiba hizi mbili zikienda pamoja huokoa wengi zaidi kuliko mionzi peke yake. Ila nguvu hiyo hugusa pia utumbo, kibofu na uboho.

Wakati wa tiba. Kichefuchefu na kutapika hufuata dripu. Kuhara, mkojo kuchoma na uchovu mkubwa huja kadiri wiki zinavyosonga. Damu hupungua, na sisiplatini huweza kuumiza figo. Ndiyo maana vipimo vya damu hurudiwa mara kwa mara. Mengi kati ya haya hutulia wiki chache baada ya tiba, na yana dawa.

Baada ya tiba. Mama ambaye bado anapata hedhi huikoma, wala hatazaa tena. Uke huweza kukauka na kubana, tendo la ndoa likauma. Wengine hupata ganzi vidoleni, au miezi na miaka baadaye huona damu kwenye choo au mkojo. Haya yasifichwe kwa aibu; daktari aambiwe, na mume aelezwe mapema.

Hatari kubwa ni kuacha tiba katikati. Mionzi yote inapaswa kukamilika ndani ya wiki nane hivi, maana kila pengo huipa saratani nafasi ya kukua tena. Mgonjwa akiharisha asikae nyumbani kimya, aeleze kliniki. Akipata homa, akishindwa kubakiza hata maji tumboni, au akitoka damu nyingi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tuondoe pia uvumi: mionzi ya nje haibaki mwilini. Mama anaweza kula na wenzake na kumpakata mjukuu.

Jumuiya Ndogo Ndogo na WAWATA wana kazi hapa: nauli ya wiki tano, mtu wa kumsindikiza siku ya dripu, uji, na wa kuwaangalia watoto. Nanyi mafrateri, mkimtembelea, mkumbusheni kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu. Anaweza kuomba padre ampake tangu tiba inapoanza.