Mapafu ya Kuazima

Mashine ya kusaidia moyo na mapafu, ambayo madaktari huiita ekmo, huitoa damu ya mgonjwa nje ya mwili, huitia oksijeni, huiondolea hewa chafu, kisha huirudisha. Mrija unaokaribia unene wa kalamu huingizwa katika mshipa mkubwa wa kinenani na kusukumwa hadi karibu na moyo. Pampu huivuta damu, ambayo kwa wakati huo ni nyekundu ya kuiva, na kuipitisha katikati ya maelfu ya nyuzi za plastiki zilizo wazi ndani kama mirija. Oksijeni hupita ndani ya nyuzi hizo, damu nje yake. Inapotoka upande wa pili damu imeshabadilika rangi, inang'aa. Lita nne au tano hupita hivyo kila dakika, yaani karibu damu yote ya mtu mzima.

Kama yaliyoshindwa ni mapafu tu, damu hurudishwa kwenye vena na moyo wenyewe huendelea kuisukuma. Moyo nao ukilegea, damu hurudishwa kwenye ateri, na mashine hubeba kazi ya vyote viwili.

Majeruhi hufikia hatua hiyo kwa njia kadhaa. Kifua kilichogonga usukani au lami huvilia damu ndani ya mapafu. Mafuta ya uboho kutoka mfupa wa paja uliovunjika husafiri hadi mapafuni na kuziba vimishipa vyake. Mashine ya kawaida ya kupumulia husaidia, lakini inapolazimika kusukuma hewa kwa nguvu zaidi na zaidi, huyajeruhi mapafu yaleyale inayoyaokoa. Ekmo huyapa nafasi ya kupumzika. Yenyewe haitibu chochote. Inanunua siku tu.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, madaktari wengi waliogopa kuwaunganisha majeruhi na mashine hiyo. Damu ikigusa plastiki huganda, kwa hiyo mgonjwa hupewa heparini, dawa ya kuzuia kuganda. Mtu aliyepasuka ini au anayevuja damu kichwani akipewa dawa hiyo anaweza kufa kwa kutokwa damu. Ajabu ni kwamba mtu mzima wa kwanza kuokolewa kwa njia hii alikuwa majeruhi: kijana wa miaka 24 aliyepata ajali ya pikipiki huko California, Marekani, mwaka 1971, akapasuka mshipa mkuu wa damu. Mshipa ulishonwa, lakini baadaye mapafu yakashindwa. Daktari J. Donald Hill na wenzake walimweka kwenye mashine kwa saa 75, akapona.

Siku hizi mirija hupakwa heparini upande wa ndani, na mgonjwa anayevuja anaweza kukaa saa nyingi, hata siku, bila kudungwa dawa hiyo. Tena mashine huipasha damu joto, na hilo si dogo, kwani mwili uliopoa hushindwa kugandisha damu pale inapohitajika. Katika taarifa nyingi zilizochapishwa, zaidi ya nusu ya majeruhi waliounganishwa kwa sababu ya mapafu walitoka hospitalini wakiwa hai. Idadi hiyo isomwe kwa tahadhari, maana wanaounganishwa huchaguliwa.

Chukua mfano wa Eldoret, mji wa magharibi mwa Kenya. Uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi huko ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pumzi ya Mombasa. Wanariadha hulifurahia jambo hilo. Pafu lililochubuka halina akiba ya kulivumilia. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoko mjini humo, hupokea majeruhi wa bodaboda na wa barabara kuu iendayo mpakani Malaba kutoka magharibi yote ya Kenya, na ina mpango wa kujenga hospitali kubwa zaidi Kiplombe, pembezoni mwa mji.

Hospitali ya namna hiyo haianzi na ekmo. Katika majeraha ya kifua yatokanayo na kugongwa, chini ya wagonjwa 10 kati ya 100 huhitaji kupasuliwa kifua. Wengi hutosheka na mrija wa ubavuni unaotoa damu na hewa hadi kwenye chupa yenye maji, oksijeni, na dawa kali ya maumivu ili waweze kukohoa. Benki ya damu isiyokauka huokoa wengi zaidi. Ekmo huja baada ya hayo, pamoja na wauguzi waliofunzwa kukaa kando ya kitanda usiku na mchana, wakikagua mirija kwa tochi kutafuta mabonge ya damu. Umeme nao haupaswi kukatika. Betri hushika kwa muda, jenereta hufuata, na vyote vikigoma kuna mpini ubavuni mwa pampu ambao muuguzi huuzungusha kwa mkono, bila kupumzika, mpaka stima irudi.