Pesa ya madini inajua kujenga, haijui kulea

Kampuni ikiuza shaba ya dola milioni 100 kutoka Katanga, sheria ya madini ya Kongo inaidai mrabaha wa asilimia 3.5, yaani dola milioni 3.5. Nusu inakwenda Kinshasa. Robo ni ya jimbo. Sehemu ya kumi inawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 iliyobaki, dola 525,000, inapaswa kuingia moja kwa moja katika akaunti ya komine, sekta au utawala wa kichifu ambamo mgodi umechimbwa, bila kupitia mkono wa mtu mwingine. Madini yenyewe yakiwa kobalti, ambayo serikali iliiweka katika orodha ya madini ya kimkakati mwaka 2018, mrabaha unapanda hadi asilimia 10, na fungu la komine kwa mauzo yale yale linafika dola milioni 1.5.

Juu ya hayo kuna asilimia 0.3 ya mauzo yote ya mwaka. Hiyo kampuni inaitenga kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na inasimamiwa na chombo ambamo wawakilishi wa kampuni na wa jamii hizo wanakaa meza moja. Kwa mfano wetu wa dola milioni 100, ni dola 300,000 nyingine.

Kwa hiyo hapa Lubumbashi, katika Katanga hiyo hiyo ya shaba, pesa ipo, na sehemu yake inatakiwa iishie mtaani badala ya kupanda ndege kwenda mji mkuu. Swali linaloulizwa katika vyumba vya parokia za komine ya Katuba na chini ya miembe ya komine ya Kampemba ni jingine: kikundi cha akina mama wanaolea yatima, au shirika dogo linalofundisha vijana useremala, kinapita mlango gani kuifikia? Jibu la kweli ni kwamba mlango huo haujatobolewa.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kurudi nyuma kidogo, kwa sababu Lubumbashi si mji uliozaliwa na vyama vya kiraia. Ulizaliwa na kampuni. Reli iliufikia mwaka 1910, tanuru la kuyeyusha shaba likawashwa mwaka 1911, na tangu hapo Union Minière du Haut-Katanga ndiyo iliyokuwa ikijibu karibu kila haja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kwamba mfanyakazi aje na mke wake na akae. Ikamjengea nyumba, ikampa posho ya unga, ikamtibu hospitalini kwake, ikawasomesha watoto wake, hata ikamfungulia mke wake kituo cha kujifunza kushona. Gécamines, iliyochukua mahali pake mwaka 1967, iliendelea na desturi hiyo. Ukiwa mtoto wa mfanyakazi wake, hukuhitaji chama. Kampuni ilikuwa chama, halmashauri na mjomba kwa pamoja.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu juu ya familia hizo za wafanyakazi, kilichochapishwa mwaka 2001, na katika kichwa chake aliwaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Hakuna aliyeishi hapa miaka ya tisini atakayeuliza maana ya kichwa hicho. Mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka mwaka 1990. Uzalishaji uliokuwa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya themanini ulianguka hadi makumi machache ya maelfu. Mishahara ikakatika, posho ikakoma, shule zikaanza kulipiwa na wazazi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kupewa jina la kuondoka kwa hiari. Hiari hiyo kila familia ina namna yake ya kuisimulia.

Katika pengo hilo ndipo vyama vilipoota. Likilimba, ule mchango wa zamu ambao wanawake wa hapa wameutumia tangu enzi za makambi, ukageuka kuwa bima ya mazishi na mtaji wa kuuza makaa na unga. Parokia zikafungua vituo vya afya. Wasalesiani wa Don Bosco wakaendelea kupokea watoto wa mtaani katika nyumba zao za Bakanja. Wanasheria na wanaharakati wakaunda mashirika ya haki za binadamu, na baadaye mengine ya kufuatilia mikataba ya madini, kama vile AFREWATCH. Wasanii nao hawakubaki nyuma: shirika la Picha, ambalo mpiga picha Sammy Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake, lilianzisha mwaka 2008 maonyesho yanayorudi kila baada ya miaka miwili au mitatu na kuleta jijini wasanii wa mabara mbalimbali.

Ukitazama nani anayelipia kazi hizo zote, utaona waumini, wanachama wenyewe, na wafadhili wa nje. Komine na jimbo huonekana siku ya kukata utepe.

Pesa ya nje nayo imeonyesha udhaifu wake. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, na kulifunga shirika la USAID kabla ya mwaka kwisha, Haut-Katanga iliguswa moja kwa moja, kwa maana ilikuwa kati ya majimbo ambamo miradi ya afya ya shirika hilo ilifanya kazi. Tangu hapo hoja ya kutafuta pesa ya karibu imeacha kuwa mada ya semina tu.

Hatua ya kwanza kwa chama kinachotaka pesa yoyote ya umma ni karatasi. Sheria namba 004 ya Julai 20, 2001 ndiyo inayotawala vyama visivyotafuta faida, vile ambavyo kila mtu hapa anaviita kwa herufi za Kifaransa, ASBL. Ili chama kiwe mtu mbele ya sheria, kinahitaji saini ya Waziri wa Sheria, na waziri yuko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, safari ambayo wenye uwezo huifanya kwa ndege na wasio nao hutuma bahasha na kusali. Gavana anaweza kutoa kibali cha muda, na vyama vingi vinaishi miaka na kibali hicho kama mpangaji anayeishi na risiti ya mwezi uliopita. Kikundi cha likilimba cha wanawake ishirini hakifiki hata hapo. Kina daftari, kina mweka hazina anayeaminika kuliko benki, lakini mbele ya ofisi yoyote ya fedha hakipo.

Tuseme karatasi zimepatikana. Sasa ndipo sheria ya madini inapoonyesha tabia yake. Sheria ya mwaka 2002, iliyogawa mrabaha kwa mafungu, ilisema wazi kwamba fungu la serikali za mitaa litumike kwa miundombinu ya msingi yenye manufaa kwa jamii. Wakati ule maneno hayo hayakuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa pesa ilikusanywa na Kinshasa na kurudi kwake kulikuwa kwa kubahatisha. Mageuzi ya Machi 9, 2018 yaliondoa kisingizio hicho kwa kuamuru kampuni ilipe kila ngazi kwenye akaunti yake. Pesa ikafika, na fikra ya zamani ikafika nayo: maendeleo ni kitu cha matofali. Madarasa, visima, ofisi ya komine yenye rangi mpya, barabara yenye mifereji.

Matofali hayana kosa. Atakayepita Ruashi wakati wa mvua atajua kwamba barabara si anasa. Kasoro ni kwamba matofali hulipwa mara moja kwa mkandarasi, chini ya taratibu za zabuni za sheria ya mwaka 2010, ilhali kazi ya chama hulipwa kila mwezi kwa mtu: muuguzi, mwalimu wa jioni, mama anayepika bukari kwa watoto arobaini. Mkuu wa komine akijenga zahanati ana picha na jiwe la msingi. Akilipa mshahara wa mkunga kwa miaka mitatu kupitia chama cha mtaa, ana nini cha kumwonyesha gavana? Ndiyo maana kuna majengo mapya yenye milango iliyofungwa, na hatua chache kutoka hapo kuna chama chenye watu na ujuzi kinachofanya kazi kwenye veranda ya mtu.

Ruashi ni mfano mzuri wa jinsi jambo hili lilivyo karibu na macho. Ni moja ya komine saba za jiji. Ndani yake kuna Ruashi Mining, inayomilikiwa na kundi la Wachina la Jinchuan pamoja na Gécamines yenye robo ya hisa, na kuna mgodi wa Étoile, ule ule ambao Union Minière ilianza nao. Komine za Katuba na Kenya hazina mgodi, kwa hiyo hazina asilimia 15, ingawa wapo wanaofanya kazi migodini wanaolala huko na moshi hauulizi mpaka. Chama cha walemavu kikiwa upande huu wa mpaka kimo katika eneo la pesa, kikiwa upande ule hakimo. Mgawanyo huo unaeleweka kisheria. Kijamii ni wa ajabu.

Kuhusu ile asilimia 0.3, mambo yana sura tofauti kidogo. Wazo lenyewe halikutoka hewani. Kabla ya mwaka 2018 kampuni ya Tenke Fungurume ilikuwa tayari ikitenga kiasi hicho kwa mfuko wa kijamii. Sheria ikalifanya kuwa wajibu wa kila kampuni. Humo jamii zina viti, na mashirika ya Lubumbashi yametumia miaka kuwaeleza wanavijiji maana ya viti hivyo, jinsi ya kusoma bajeti, na kwa nini mwakilishi wao asichaguliwe ofisini kwa kampuni. Lakini hata hapa chama kinaingia kama mwalimu au kama mnufaika. Ni nadra kuingia kama mtekelezaji anayepewa fedha kwa mkataba, akatoa hesabu, akakaguliwa, akapewa tena.

Nchi jirani imejaribu njia nyingine. Tanzania inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni mikopo isiyo na riba, si ruzuku, na imekuwa na matatizo yake. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, kisha ikairejesha mwaka uliofuata, baadhi ya halmashauri zikitakiwa kuipitisha benki. Hata hivyo mwanamke wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, anajua ofisi ya kwenda, fomu ya kujaza na asilimia anayoidai. Mwenzake wa Kampemba anajua jina la mtu anayemjua mtu.

Wapo watakaosema kuwa mrabaha ni pesa isiyotulia, na wana haki. Februari 2025 Kinshasa ilizuia kobalti yote isitoke nchini ili kuinua bei, na zuio hilo lilidumu hadi Oktoba, lilipobadilishwa kuwa mgawo. Mrabaha hufuata bidhaa inayotoka kwenda kuuzwa, hivyo komine iliyoweka mishahara ya walezi juu ya kobalti ingekuwa imewaacha wakiisikiliza bei ya soko la London badala ya watoto wao. Dawa ya hilo inajulikana hata kwenye likilimba: hutumii zamu yote siku uliyoipokea. Komine inayoweka kando sehemu ndogo tu ya mapato ya mwaka mzuri, ikaitangaza hadharani na kuigawa kwa mikataba ya miaka miwili, ingevuka mwaka mbaya. Madiwani wa komine waliochaguliwa Desemba 2023 wana bajeti ya kuijadili, na kifungu cha ruzuku kwa vyama kinaweza kuandikwa humo.

Kikwazo kigumu zaidi kimo ndani ya vyama vyenyewe. Kongo ni mwanachama wa mpango wa kimataifa wa uwazi katika sekta ya uziduaji, na ripoti zake huonyesha kampuni gani imeilipa komine gani. Wanaozisoma ripoti hizo, wanaouliza pesa ya Ruashi imefanya nini, ni mashirika haya haya. Siku komine itakapoanza kuyapa ruzuku, atakayeandika ripoti kali juu ya bajeti ya komine atakuwa na mwenzake ofisini mwake anayeomba ruzuku ya komine hiyo hiyo. Katika mji ambao kampuni moja iliwahi kulipa kila kitu na hivyo kunyamazisha wengi, hofu hiyo si ya kubuni. Njia iliyo rahisi ni kutenganisha: wanaokagua wabaki na michango na wafadhili wao, na ruzuku iende kwa wanaohudumia, walezi, wauguzi, walimu wa jioni. Lakini vyama vingi vya Lubumbashi ni vidogo mno kuwa kitu kimoja tu. Mwenyekiti anayehesabu malori ya madini asubuhi mara nyingi ndiye anayefungua darasa la ushonaji jioni.