Kwa nini damu ya nguruwe wako inapelekwa maabara?

Mama, nguruwe wakifa ghafla, usikimbilie kuuza waliobaki. Mwite afisa mifugo. Atachukua damu na kuipeleka maabara, kwa sababu homa ya nguruwe ya Afrika hufanana na magonjwa mengine.

Kipimo kikionyesha kirusi kipo, wataalamu husoma vinasaba vyake kujua ni aina gani. Tanzania kuna zaidi ya aina moja. Kulinganisha aina husaidia kujua ugonjwa umetoka wapi na uzuiwe wapi.

Kirusi hiki hakiambukizi binadamu, lakini hakina dawa. Mnaposubiri majibu:

- Usihamishe nguruwe.
- Msile wala kuuza nyama ya waliokufa.
- Chemsha mabaki ya chakula dakika 30 kabla ya kuwapa nguruwe.